Zamu ya Fausta

"Moyo huu umepoa," alisema Bi Sauda Kijanga.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama ndani ya moyo wa ng'ombe ulioelea juu ya meza, mwekundu, ukidunda taratibu. "Unadunda, sawa, nausikia. Lakini ni baridi kama nyama ya kwenye friji. Mtoto asiyeona akiugusa huu atadhani somo ni la buchani."

"Niweke joto kiasi gani, Bi Sauda?" aliuliza Veridiana Ntandu.

"Joto la chapati iliyokaa kidogo."

Veridiana alisogeza kidole kwenye kioo chake cha kazi. Moyo ukapata joto, na Bi Sauda akatabasamu. Alikuwa mpishi wa maharusi kabla presha ya macho haijampofusha, na mioyo ya ng'ombe aliijua kwa kuishika. Sasa, akiwa na miaka hamsini na ushei, alikuwa mmoja wa wabunifu watatu waliolipwa na Taasisi iliyobuni vifaa vya kufundishia kuja kila siku kwenye karakana ile iliyo kando ya Ziwa Singidani, ili waukosoe Mkeka bila huruma.

Mkeka ulifanana kweli na mkeka. Uliviringishwa, ukafungwa kamba, ukabebwa kwapani. Ukiutandaza mezani, nyuzi zake nyembamba kuliko unywele zilifanya kazi mbili: nyingine zilirusha mwanga, ukaona umbo, nyingine zilirusha mtetemo mwembamba ambao sikio halikuupata lakini ngozi iliuhisi kama kitu. Ndivyo moyo ulivyoonekana na kushikika, ilhali hapakuwa na chochote ila hewa. Veridiana alikuwa ameutumikia kwa miaka sita. Mikeka miwili ya kwanza aliibuni yeye na wahandisi wenzake, wakaipeleka shuleni kwa mbwembwe, na watoto wasioona wakaiogopa, na viziwi wakaona inawapigia kelele za mwanga. Huu wa tatu aliapa hataufuma bila watakaoutumia.

Mbunifu wa pili, Yohane Shango, aligonga meza ili atazamwe. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, kijana mrefu aliyekuwa akisomea ualimu. Mikono yake ilianza kwenda, na Mkeka ukaigeuza kuwa sauti.

"Kikaragosi wenu anayetafsiri kwa lugha ya alama bado hana uso. Mikono yake mizuri, lakini anaongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Akiuliza swali, nyusi hazipandi. Nitajuaje kuwa ameuliza?"

"Nyusi," Veridiana alisema, akiandika. "Jumatatu atakuwa nazo."

Wa tatu alikuwa Fausta Mkumbo, na siku ile ilikuwa yake. Alikuwa na miaka ishirini, kwenye kiti chake cha magurudumu, macho hayakosi kitu. Mtindio wa ubongo ulimfanya kila neno alivute kama ndoo kutoka kisimani, na mara nyingi watu walimmalizia kabla ndoo haijafika juu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita akiwa wa tatu kimkoa, na katika miaka yote ile ya shule hakukumbuka kama aliwahi kunyoosha mkono darasani, akaitwa, na akaachwa amalize.

Veridiana alimvalisha mkufu mwembamba shingoni. "Unasoma misuli ya koo," alieleza. "Neno likianza tu kutengenezwa, Mkeka unakisia litakakoishia, na sentensi nzima itakakoishia, unaisema. Tumeuita Kitangulizi. Sauti tumeitengeneza kutokana na yako na ya dada zako. Uko tayari?"

Fausta aliitikia kwa kidevu.

"Umeamkaje, Fausta?"

"Nimeamka salama, dada Veri, asante. Na wewe je?"

Sauti ilitoka kwenye Mkeka, laini na changamfu, papo hapo. Fausta mwenyewe alikodoa macho kama aliyeguswa begani na mtu asiyemwona. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mwili mzima, hata kiti kikatikisika.

Bi Sauda alinyoosha mkono akampapasa shavu. "Ni wewe huyo, mwanangu?"

"Ni mimi, Bi Sauda," ilisema sauti.

*

Wiki zilizofuata zilikuwa za raha. Somo walilokuwa wakilifuma liliitwa Mji Mtupu. Mkeka ulitandaza ardhi yenye vilima, mto na barabara, bila nyumba hata moja, na wanafunzi walitakiwa kujenga mji kwa kukubaliana. Kila jengo lililowekwa lilibadilisha kitu: ukiweka kiwanda juu ya mto, maji ya chini yalichafuka na Bi Sauda aliyahisi yakinata vidoleni.

Fausta na Shango walibishana kuhusu zahanati. Shango aliitaka kando ya ziwa, penye hewa. Sauti ya Fausta ilisema iwekwe karibu na barabara, ili watu wote wafike kwa urahisi, hasa kina mama wajawazito. Shango alipinga, sauti ikajibu; akapinga tena, ikajibu tena, kwa hoja zilizopangika kama vyombo kabatini. Siku ya nne Shango alinyanyua mikono.

"Amenishinda," alisema. "Zahanati iende barabarani. Sikujua msichana huyu ana busara hivi."

Fausta aliona haya, akatazama chini, lakini Veridiana aliyaona mashavu yake yakivimba kwa furaha.

Adhuhuri hiyo hiyo Injinia Sirya, mkuu wa karakana, aliingia akiwa na habari. Jopo la serikali la kuchagua vifaa vya shule lingekuja kuona darasa lao. "Wakitupitisha, Mkeka utakwenda shule zote za nchi. Wasipotupitisha, Taasisi itafunga mradi, na watoto watabaki na vile vioo bapa ambavyo asiyeona akivishika anashika dirisha tu." Alimgeukia Veridiana. "Wana kigezo kimoja kigumu. Kasi ya ushiriki. Wanapima mwanafunzi anachukua muda gani kujibu. Bila Kitangulizi tungeanguka hapo. Nacho tunapita. Hongereni sana."

Alipotoka, waliendelea na Mji Mtupu. Veridiana alisogea karibu na Fausta ili kurekebisha mkufu uliolegea, na hivyo uso wake ukawa umbali wa shubiri moja tu na shingo ya yule binti pale Bi Sauda alipouliza, "Na shule tuiweke wapi, Fausta?"

"Katikati ya mji, Bi Sauda, ili watoto wasitembee mbali," ilisema sauti.

"Umesema kweli," alisema Bi Sauda, na akaiweka.

Lakini koo la Fausta lilikuwa bado linafanya kazi. Sauti ilikwishamaliza, shule ilikwishapandwa katikati ya mji, na ile misuli midogo chini ya kidevu ilikuwa ikivuta, ikiachia, ikivuta tena. Midomo ikaunda kitu kisichofanana na "mji" wala "mbali". Kisha ikaacha. Fausta alimeza mate na kutabasamu.

Veridiana alirudi kwenye kiti chake bila kuukaza mkufu.

*

Alimfuata nyumbani Mandewa, mtaa uliokuwa chini ya mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo. Mama yake Fausta alikuwa akikamua alizeti kwenye banda, na harufu ya mashudu ilijaa uani. Fausta alikuwa kivulini na mkufu shingoni. Taasisi ilimruhusu kwenda nao nyumbani pamoja na kipande kidogo cha Mkeka kilichokaa juu ya magoti kama leso.

"Karibu, dada Veri," ilisema sauti. "Umekuja kunitembelea? Nimefurahi."

"Fausta, naomba tuzungumze bila Kitangulizi."

"Kwa nini? Tunazungumza vizuri."

Veridiana alichutama ili macho yao yawe sawa. "Leo mchana Bi Sauda alikuuliza kuhusu shule. Mkeka ulisema katikati ya mji. Wewe ulikuwa unasema nini?"

Sauti ilianza, "Nilikuwa nase—" na Fausta akainua mkono wake wa kushoto, ule uliomtii zaidi, akauangusha juu ya kile kitambaa. Sauti ikakatika.

Alivuta pumzi. Kwa muda palisikika mashine ya mafuta tu.

"Mbali," alisema Fausta kwa sauti yake mwenyewe. Akapumzika. "Mbali... na... wazazi."

Veridiana alicheka kabla hajajizuia, na Fausta naye akacheka. Kisha Veridiana akakumbuka alichokuja kufanya.

"Na zahanati?"

Safari hii ilichukua muda mrefu zaidi. Mama mtu alizima mashine, akachungulia, akaiwasha tena.

"Karibu na... makaburi," alisema Fausta. "Tu... punguze... safari."

"Kumbe!" Veridiana alikaa chini kabisa, mavumbini. Alijua tayari kilichotokea, maana yeye ndiye aliyekifunza Kitangulizi. Alikilisha sentensi za maelfu ya wanafunzi bora, nadhifu, zilizopata alama nzuri. Kila koo la Fausta lilipoanza na neno ambalo lingeweza kwenda njia mbili, kilimpeleka kwenye njia iliyotembewa na wengi. Kilikuwa kimemgeuza mbele ya watu kuwa msichana mwenye adabu na busara, na mtani aliyekuwa ndani alikuwa ameachwa anaongea na koo lake.

"Nakiondoa," alisema. "Kesho. Nitamwambia Injinia Sirya. Nisamehe, sikuona."

"Hapana."

"Fausta, kinakuwekea maneno mdomoni."

"Na... jua."

"Tangu lini?"

"Siku... ya kwanza." Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo, lakini hakurudisha mkono kwenye kitambaa. "Sija... wahi... kubishana... nikashinda. Shango... ali... nikubalia. Watu... hawa... ondoki." Akafumba macho, akakusanya nguvu. "Mashine... ina... niamulia. Sasa... na wewe... una... niamulia."

Veridiana alikuwa amekuja na wema wake wote mkononi, kama mtu anayeleta zawadi, na alikuwa ameambiwa aupeleke kwingine. Alikaa pale hadi Fausta alipochoka kumwonea huruma na kuwasha sauti.

"Kunywa maji, dada Veri," ilisema, na kwa mara ya kwanza Veridiana hakujua kama ni Fausta aliyemkaribisha maji au ni wale maelfu ya wanafunzi bora. Alimtazama. Fausta alipepesa jicho moja. Alikuwa ni yeye.

*

"Ngoja kwanza," Shango alisema asubuhi iliyofuata, mikono yake ikikata hewa. "Unaniambia nimebishana na mashine siku nne? Na nimeshindwa na mashine?"

"Na mashine na mimi, nusu kwa nusu," ilisema sauti ya Fausta.

"Hiyo sentensi ni yako au ni yake?"

Fausta alionyesha kwa kidole kifuani pake.

"Mimi nilimpenda yule mwenye busara," alisema Bi Sauda. "Lakini huyu wa makaburi ndiye ningemwalika kwenye msiba wangu." Alipapasa meza hadi akaipata kahawa yake. "Haya, Veri, umetuita. Tufanyeje?"

Veridiana alikuwa ameahidi moyoni kutosema neno la kwanza. "Injinia Sirya anataka Kitangulizi kibaki kama kilivyo, kwa sababu ya jopo. Mimi nilitaka kukiondoa. Fausta anasema sote wawili hatujamuuliza. Basi namuuliza. Fausta, unataka nini?"

Fausta aliuzima mkufu. Wakasubiri. Veridiana alijilazimisha kumtazama mikono, kwa sababu akimtazama mdomoni alijikuta akimmalizia kichwani.

"Salamu," alisema Fausta. "Habari za... asubuhi... asante... karibu. Hizo... iseme... mashine. Sina... pumzi... ya kupoteza."

"Sawa."

"Mengine... ini... nong'oneze. Mimi... pekee. Nikitaka... nachukua. Nisipotaka..." Alitikisa kidevu kushoto, kama anayefukuza nzi.

Shango aligonga meza. "Nina swali. Akichukua neno lililonong'onezwa, mimi nitajuaje? Nina haki ya kujua ninabishana na nani. Liwekewe rangi. Maneno ya mashine yawe ya bluu."

"Hapana," alisema Fausta upesi kuliko alivyowahi kusema neno lolote.

Hapo walikwama asubuhi nzima. Shango alishikilia kwamba ameshadanganywa mara moja. Fausta alishikilia kwamba hatavaa maneno yenye alama, kama sare ya wagonjwa. Veridiana aliona wote wawili wana haki, na hilo lilimsumbua zaidi kuliko kama mmoja angekosea. Mwishowe Bi Sauda ndiye aliyemuuliza Shango swali dogo. "Wewe ukiongea, ni mashine inayotoa sauti. Mimi sijui kama maneno ni yako. Nimewahi kudai yapakwe rangi?"

Shango aliitua mikono juu ya magoti.

"Ninayaona kwenye kioo kabla hayajatoka," alisema hatimaye. "Nikikataa, nayafuta."

"Basi na yeye akikubali, ni yake. Ubaya ulikuwa yalitoka bila yeye kuyakubali."

"Nakubali," alisema Shango. "Lakini kuna kitu kingine. Kumsubiri kunanichosha kwa sababu sioni kitu. Ninyi mnasikia sauti yake ikijitahidi. Mimi naona mdomo tu, halafu mwishoni kikaragosi ananipa sentensi nzima. Nataka kulitazama neno likija. Mtu nikimwona kwa mbali barabarani anakuja kwangu, siondoki. Nisipomwona ndipo ninapoondoka."

Veridiana aliacha kuandika.

"Rudia hapo," alisema.

Walifanya kazi hadi jopo lilipokaribia, wakila chakula mezani, wakigombana, wakivunja walichojenga jana. Kitu walichokifuma walikiita Zamu. Fausta akianza tu kuvuta neno, Mkeka ulififiza kila kitu kingine. Mji ulisimama, vipaza sauti vyote vilizimika isipokuwa chake, na kutoka upande wake wa meza likaanza kuja wimbi dogo la mwanga, likikua kadiri koo lilivyofanya kazi. Shango aliliona likija. Bi Sauda alilihisi kiganjani. Mnong'ono ulimfikia Fausta peke yake, na wimbi halikuvunjika hadi yeye mwenyewe aliridhie neno. Kisha wakagundua, kwa kucheka, kwamba Zamu ilimfaa kila mtu. Shango akipata wazo alikuwa analiona la mwenzake likija kabla hajaliparamia. Bi Sauda, aliyezoea kuingilia maneno ya watu, alizimwa mara nyingi hata akatishia kujiuzulu.

Injinia Sirya alitazama jaribio la mwisho akiwa amesimama mlangoni.

"Ni kizuri," alisema. "Ni kizuri kuliko vyote tulivyofanya. Na kitatuangusha. Veri, fikiria watoto wote wale. Siku moja tu, mbele ya jopo, kirudishe Kitangulizi cha zamani. Tukishapita, mtaweka Zamu."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. Veridiana aliwawazia kweli wale watoto wenye vioo bapa. Akawaza kumwambia Fausta mwenyewe aamue, akaona kwamba hiyo nayo ingekuwa kumtwisha mzigo wa nchi nzima.

"Jopo likikipenda chombo kinachosema badala ya watoto," alijibu, "ndicho watakachokitaka kiende shuleni, Injinia. Hawatatuachia tukibadilishe."

Sirya alijikuna kidevu kwa muda. "Basi tuanguke vizuri," alisema, akaenda kuagiza chai ya wageni.

*

Mwenyekiti wa jopo alikuwa Dokta Atupele Mbwilo, mwanamke mfupi mwenye miwani aliyoisukuma juu kila mara. Alifuatana na Bwana Kahwili, mtu wa takwimu, mwenye tabasamu la haraka. Waliketi mezani pamoja na wale wabunifu watatu, waliokaa kama wanafunzi, vipaza sauti kifuani, viganja juu ya Mkeka kama walivyoelekezwa. Mji Mtupu ulikuwa umeshajengwa nusu. Mkeka ulipima kasi ya kila jibu na kuionyesha pembeni, kwa tarakimu za kijani. Shango alijibu, kijani. Bi Sauda alijibu kabla swali halijaisha, kijani kabisa.

"Nami niulize," alisema Dokta Mbwilo. "Binti, mji huu unakosa nini?"

Koo la Fausta lilianza. Mji ukafifia. Wimbi likatoka upande wake wa meza.

Veridiana alikuwa na mkono wake pembeni mwa Mkeka, akalihisi. Alijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyeupanga mfumo ule, kwamba mnong'ono ulikuwa ukimpa Fausta maneno: maktaba, taa za barabarani, kituo cha polisi. Kidevu kilikwenda kushoto. Kikaenda kushoto tena. Tarakimu za pembeni zikawa za njano.

"Ma," alisema Fausta. "Mahali..."

"Mahali pa ibada," alisema Bwana Kahwili kwa kutaka kusaidia, ila hakuna aliyemsikia, kwa maana kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa na sauti yake halisi ilikuwa ya chini mno. Akarudia. "Mahali pa mikutano?" Kiganja chake kikapigwa na mtetemo mdogo, wa upole, kama wa paka anayesukuma kwa kichwa. Akautazama mkono wake. Midomo yake iliendelea kwenda kidogo kisha ikasimama.

Shango alimtazama, akamwambia Veridiana kwa alama chini ya meza: "Karibu kwetu, mzee."

Tarakimu zikawa nyekundu. Injinia Sirya, aliyekuwa ukutani, aliangalia dirishani. Wimbi lilikuwa sasa limefika katikati ya meza, pana, na Veridiana akaona jambo ambalo hakulitarajia: Dokta Mbwilo alikuwa ameinama mbele, macho yakilifuata, kama mtu anayesubiri mgeni kituoni.

"Mahali... pa kukaa," alisema Fausta. "Bila... kununua... kitu."

Wimbi likavunjika viganjani mwao, na mji ukarudi na rangi zake. Waliutazama mji wao wenye zahanati, soko, shule na kiwanda, na kweli kila pahali mtu alipoweza kukaa alipaswa kuwa mgonjwa, mwanafunzi, mfanyakazi au mnunuzi.

"Na choo," akaongeza Fausta, na hilo lilikuja haraka kidogo. "Kisicho... na kufuli."

Dokta Mbwilo alicheka hadi akavua miwani.

Mwishoni alisimama na kusema wazi. "Kigezo cha kasi hamkukifikia. Hata karibu. Siwezi kusema mmekifikia, na sitasema." Veridiana aliitikia kwa kichwa, alikuwa amejiandaa. "Hicho kigezo kiliandikwa na nani?"

"Na sisi, Dokta," alisema Bwana Kahwili. Kipaza sauti chake kilifanya kazi sasa.

"Tukiwa na nani?"

Bwana Kahwili alifikiri. "Tukiwa sisi."

Basi hawakupita, na hawakuanguka. Mkeka haukwenda shule zote za nchi. Ulikwenda shule moja huko Kiomboi, kwa mwaka mmoja, wafundishe huku wakiendelea kuufuma pamoja na watoto wa pale. Na kigezo cha kasi nacho kikapelekwa huko huko, kikaangaliwe upya. Injinia Sirya alilalamika kwamba shule moja ni tone, na jioni hiyo hiyo alionekana akiwapigia simu jamaa zake wote.

*

Kiomboi waliwakuta watoto wa darasa la tano wakorofi kupita kiasi. Siku ya kwanza mvulana mmoja mwenye kigugumizi aligundua kwamba akianza neno na kulishikilia, Mkeka wote ulimsubiri, basi akalishikilia hadi kengele. Msichana mmoja asiyeona alikataa moyo wa ng'ombe, akataka wa tembo. Kila mmoja alitaka Zamu yake, na Mji Mtupu ulipata madaraja manane na nyumba moja.

Mwalimu wao, Mwalimu Gidabu, alivumilia hadi saa ya kutoka. Watoto walipokwisha kutawanyika alichukua begi lake, akalitundika begani, akaja mbele ya Fausta, ambaye sasa alikuwa mkufunzi aliyetumwa na Taasisi na jina lake liliandikwa hivyo mlangoni.

"Mkufunzi, nikuambie ukweli," alisema. "Somo la dakika arobaini sijafika hata nusu. Mitaala hainingoji. Hiki chombo ni kizuri kwa watoto wako wenye shida, lakini wale wengine wanakaa wanasubiri tu. Sasa wanajifunza nini wakati wanasubiri?"

Veridiana, aliyekuwa akikunja waya kwenye kona, alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu matatu, yote mazuri. Aliyameza.

Mkeka ulikuwa umeshaviringishwa na mkufu uko sandukuni. Hapakuwa na wimbi wala mnong'ono, hapakuwa na kitu cha kumzima mtu yeyote. Fausta alimtazama mwalimu usoni, akavuta pumzi, na misuli ya koo lake ikaanza kazi.

Mwalimu Gidabu alingoja. Akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Alitazama mlangoni, ambako gari la walimu lilikuwa linapiga honi, akafungua mdomo kama anayetaka kumsaidia, akaufunga. Kisha akalitua begi lake chini, akavuta kile kiti kidogo cha mtoto, akakaa.